Mkanda Uliochomoka Kwenye Kona ya Mzee: Kisa cha Mtoto wa Mbwa, Uyole

Chuma ni dume wa miezi 5, chotara wa mbwa wa kienyeji na jemani shepadi. Aliletwa Uyole, jijini Mbeya, akiwa na wiki 9, akue alinde banda la kuku wa mayai. Mama mwenye kuku alikuwa amefanya mengi sawasawa. Chanjo za utotoni zilikamilika, ya kichaa cha mbwa ilichomwa alipotimiza miezi 3, na kadi ipo. Hakumfungia kwenye boksi la giza wala kumlisha pilipili ili awe mkali, mambo ambayo bado watu wanayafanya na yanazaa mbwa mwoga anayeuma hovyo, si mlinzi. Alichotaka ni mbwa anayetembea na kamba bila kuvuta na anayewaacha wateja wa mayai waingie na kutoka salama.

Kilichoharibika kilichukua chini ya dakika 2.

Ilikuwa Juni, saa 12 asubuhi, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Mita kama 300 kutoka getini kuna kona yenye nyumba ya mzee mmoja, haina uzio, ina zizi la ng'ombe wawili na mbwa watatu: Simba, dume jekundu la makamo; jike lenye watoto wanaonyonya; na mbwa mmoja mkongwe asiyejishughulisha na mtu. Usiku wanaachiwa walinde zizi, na hawafungwi mpaka mzee amalize kukamua. Simba na jike wakatoka mbio wakibweka. Mama akazungusha kamba mkononi mara 2, akamvuta Chuma mpaka ubavuni, akapiga kelele, akainama kuokota jiwe. Chuma akalia, akarudi kinyumenyume, mkanda wa shingo ukapita juu ya masikio na kuchomoka, naye akatimua. Simba akamfuata hadi kwenye daraja la mtaro, akamng'ata paja. Mama alipoingilia akapata mchubuko wa jino kwenye kiganja, na damu kidogo ikatoka.

Kwa wiki 2 zilizofuata Chuma akawa mbwa mwingine. Akiona mbwa yeyote, hata aliye ng'ambo ya shamba la mahindi makavu, anasimama kwa miguu ya nyuma mwisho wa kamba na kubweka mpaka anakohoa. Asubuhi anagoma kutoka getini. Mama akaanza kumchapa kandambili kila anapobweka. Ubwekaji ukaongezeka.

Jeraha kwanza

Kabla ya habari ya mafunzo kuna suala la mate. Mama alifika nyumbani, akamwagia kiganja maji ya kopo mara mbili tatu, akapaka mafuta ya taa, akafunga kitambaa. Mafuta ya taa hayana kazi hapo, na majivu au pilipili ni vilevile. Kinachofanya kazi ni sabuni, hata kipande cha kufulia, na maji yanayotiririka kwa dakika 15 za kuangalia kwenye saa. Mtu akikadiria kichwani huishia dakika 2. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina utando wa mafuta kwa nje na sabuni ndiyo inayouvunja, kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Kama bomba halitoki, dumu la lita 10 lililotobolewa kwenye kifuniko linatosha, mtu mwingine akishika.

Halafu kituo cha afya, siku hiyohiyo. Mchubuko usiotoa damu unahitaji chanjo. Damu ikitoka, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaliweka jeraha kundi la tatu, ambalo pamoja na chanjo linahitaji kingamwili zinazochomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Ratiba ni zaidi ya moja: kuna ya msulini ya siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, na kuna ya ndani ya ngozi ya siku ya 0, 3 na 7. Kuchagua ni kazi ya kituo, kazi ya aliyeumwa ni kutoruka tarehe. Watu wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimekauka. Lakini kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa. Kirusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishaanza hakuna dawa.

Na Simba? Asiuawe. Mbwa aliyeuma anafungwa na kuangaliwa siku 10. Akizimaliza yu mzima, anakula na kunywa, basi siku alipouma mate yake hayakuwa na kirusi. Akipigwa mawe akafa siku ya kwanza, kinachobaki ni kupeleka sampuli ya ubongo maabara, na kichwa kilichopondwa hakitoi sampuli. Kwa hiyo mama alimhitaji Simba akiwa hai na amefungwa, na Simba ni wa mzee. Ugomvi wa barabarani asubuhi ile ungemnyima kitu alichokuwa anakihitaji kuliko vyote.

Chuma naye alirudishwa kwa afisa mifugo wa kata kwa chanjo ya nyongeza na kusafishwa paja. Tundu la jino la mbwa huwa dogo juu na refu ndani. Ngozi hufunga mapema, usaha ukabaki chini. Manyoya yakatwe kuzunguka tundu, na mahali pabonyezwe kwa kidole kila siku kwa wiki nzima kuangalia joto na uvimbe.

Sekunde chache za kona

Ukiyapanga matukio kwa mfuatano, Simba hakuja kuuma. Mbwa wa kona akitoka kwake hukimbia kwa kishindo halafu husimama. Simba alisimama hatua kama 6 mbele, mkia juu na mgumu, manyoya ya mgongoni yamesimama. Mkia unaotikisika si salamu kila mara. Ukiwa juu na unatetemeka kidogo, mgumu kama fimbo, huyo mbwa bado anaamua. Mwenye nia njema huja kwa kupinda, mwili umelegea, anatazama pembeni.

Wakati Simba anaamua, kamba ilikazwa. Kwa mtoto wa mbwa, kamba iliyokazwa ghafla ni habari kwamba kuna hatari na mlango umefungwa. Tena inamwinua kifua na kumwelekeza uso kwa uso na wanaokuja, mkao ambao kwa mbwa wengine unasomeka kama changamoto hata kama mwenyewe anatetemeka.

Kisha jiwe. Kila mbwa wa mtaani anaijua lugha ya mtu anayeinama, na mara nyingi hurudi nyuma kabla jiwe halijatoka chini. Ni silaha nzuri kwa mtu anayetembea peke yake. Tatizo ni kwamba Chuma naye ni mbwa, tena ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ule mkono. Ongeza kwamba watoto wa shule walikuwa wanamrushia vijiwe kupitia upenyo wa geti, jambo ambalo mama alikuwa analiona na kulicheka. Kwa hiyo alipoinama, Chuma alikimbia jiwe la mama yake mwenyewe. Kukimbia kukamwamulia Simba, kwa sababu kinachokimbia hufukuzwa.

Kandambili ikaja kufunga fundo. Mbwa akitokea, Chuma anabweka kwa woga, anachapwa. Baada ya mara 10 au 15 anachojua ni kwamba mbwa akionekana, maumivu yanafuata. Anabweka mapema zaidi ili mbwa aondoke kabla ya kipigo. Mama akaita ukaidi.

Mkanda wenyewe

Ulikuwa kipande cha mkanda wa begi chenye bizimu ya kufungia, kimefungwa kwa nafasi ya vidole 4. Vidole 2 vilivyolala ndicho kipimo cha kawaida. Ila kwa mbwa ambaye shingo yake inakaribia upana wa kichwa, hata vidole 2 havimzuii akirudi nyuma. Jaribio lifanyike ndani ya uzio, geti limefungwa: simama mbele yake, vuta taratibu kuelekea kwako huku yeye anarudi. Ukiona mkanda unapanda kwenye masikio, ni suala la siku tu.

Dawa yake ni mkanda unaobana kidogo ukivutwa na kulegea ukiachwa, bila kufika kiasi cha kumkaba. Fundi viatu anautengeneza kwa nusu saa akielezwa vizuri. Pima shingo juu kabisa, nyuma ya masikio. Ya Chuma ilikuwa sentimeta 34. Kata mkanda wa nailoni wenye upana wa sentimeta 2.5, ushonewe pete ya chuma kila ncha, na urefu wote pamoja na pete uwe sentimeta 30, yaani pungufu ya shingo kwa 4. Kipande cha pili, chembamba kidogo, kinapita ndani ya pete zote mbili na kushonwa kuwa duara lenye mzunguko wa sentimeta 16, likiwa na pete ya tatu ya kufungia kamba. Kamba ikivutwa, duara dogo linazileta pete karibu na mkanda unakuwa sawa na shingo. Ikilegea, mkanda unapanuka vya kutosha kupita kichwani. Kosa ni kuacha mkanda mkubwa uwe mrefu hivi kwamba pete zinagongana kabla haujabana: hapo umerudi kwenye mkanda wa kawaida. Kosa la upande wa pili ni kuufanya mfupi sana, nao utamkaba. Ushonwe mraba wenye msalaba ndani kwa uzi wa viatu. Riveti huchana nailoni. Mbwa wa miezi 5 anakua, kwa hiyo shingo ipimwe upya kila wiki 2.

Kamba iwe manila ya mita 2, unene wa kidole kidogo. Mnyororo ni wa kufungia mbwa bandani, haumfai mbwa anayefundishwa: mzito, una kelele, na ukichomoka mkononi unamfukuza mbwa kwa mlio wake mwenyewe. Kitanzi cha kamba kivishwe kwenye dole gumba, vidole vifunge juu yake. Kuizungusha kiganjani, kama alivyofanya mama, ndivyo watu wanavyovunjika vidole. Kati ya mkono na mbwa kamba ining'inie mpaka usawa wa goti.

Kuisoma kona bila mbwa

Kazi iliyofuata haikumhusu Chuma kabisa. Kwa siku 5 mama alipita pale na trei za mayai, asubuhi na jioni, akiangalia. Alichokiona kilibadilisha mpango mzima.

Saa 12 ni saa mbaya kuliko zote. Mbwa wa usiku bado wako nje, wana njaa, na watoto wanaenda shule na mawe mfukoni. Kufika saa 2 mzee ameshakamua, Simba amefungwa au amekula na kulala kwenye jua lililopiga ukuta, kama mbwa wote wa nyanda za juu wakati wa baridi. Kumwamsha hapo ni kazi. Jioni baada ya saa 11 hali inaharibika tena. Yaani tofauti ya saa 2 tu iliondoa zaidi ya nusu ya tatizo, na haikugharimu hata shilingi.

Jike lilikuwa na mpaka. Lilitoka mbio kila mtu alipopita, lakini halikuvuka mti wa mparachichi upande wa chini wala kalavati upande wa juu, kipande cha hatua kama 40. Watoto wake walikuwa nyuma ya zizi. Jike linalonyonyesha linafukuza ili uondoke, na ukishaondoka hasira inaisha. Halihitaji kufundishwa wala kupigwa, linahitaji kupitwa mbali kwa wiki 6 hadi 8 mpaka watoto waache kunyonya.

Mkongwe hakuinua hata kichwa. Huyo akaja kuwa mwalimu.

Njia ya pili, inayopita nyuma ya mabanda ya kuuzia kitimoto (nyama ya nguruwe), ilionekana fupi na tulivu. Jioni moja mama alihesabu pale mbwa 9, hakuna hata mmoja anayejulikana ni wa nani, wakigombea mifupa. Mbwa wenye chakula mbele yao hawana kona ya kulinda, wanalinda mfupa, na mfupa unahama. Njia hiyo ikafutwa.

Mafunzo upya, kwa hatua za miguu

Maini ya ng'ombe robo kilo yachemshwe dakika 15 bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata cha kwenye mchuzi), yakatwe ukubwa wa punje ya hindi, yakaushwe pembeni ya jiko la mkaa. Vinatoka vipande zaidi ya 150. Dagaa wanafaa ila wanavunjika mfukoni na wana mifupa. Kwa mafunzo ya kasi maini ni bora.

Wiki ya kwanza yote ilikuwa ndani ya uzio. Neno la kwanza ni jina lake: "Chuma", akiangalia uso, kipande. La pili ni "geuka": mama anasema, anageuka nusu duara na kuondoka kwa mwendo wa kawaida, Chuma akifika ubavuni anapata vipande 3 mfululizo. Mara 20 asubuhi, 20 jioni, mpaka anageuka kabla kamba haijanyooka. Neno litamkwe kwa sauti ya kawaida, kwa sababu siku ya hatari sauti ikipanda mbwa hatalitambua. La tatu ni "nyuma", kusimama nyuma ya miguu ya mama akiwa ameegemea ukuta. Hilo lilichukua siku 9.

Kisha umbali. Mkongwe alikuwa amelala mahali palepale kila siku saa 2, akawa kipimo. Kwa kuanzia mama alisimama hatua 60. Alama ya umbali sahihi ni mdomo: Chuma akimwona mbwa na bado anachukua maini kwa ulaini, umbali unafaa. Akichukua kwa kunyakua na kuuma vidole, yuko ukingoni. Akiyatema au kutoyaona, umeshapita, geuka uondoke. Hakuna haja ya kusubiri abweke ndipo ujue.

Utaratibu ni kwamba mbwa anaonekana kwanza, halafu maini yanatoka, yanaendelea kutoka polepole maadamu mbwa anaonekana, na yanakoma mbwa akipotea. Mama alilikosea hili siku 4 za mwanzo. Akiona mbwa kwa mbali kabla ya Chuma, alikuwa anamjaza maini "asimwone". Siku ya tano Chuma akaanza kutazama huku na huku kwa wasiwasi kila mkono ulipoingia mfukoni: maini yalikuwa yamegeuka king'ora. Ikabidi warudi hatua 60 na kuanza upya, safari hii mkono unasubiri macho ya Chuma yamguse mbwa ndipo uende mfukoni.

Vipindi vya dakika 10, siku 4 kwa wiki, na umbali haukushuka kwa mstari ulionyooka. 60, 50, 50, 40, kisha 55 kwa sababu siku hiyo kulikuwa na upepo na mabati yanapiga kelele, 40, 35. Anayelazimisha kupunguza hatua 5 kila siku hufika hatua 20 na mbwa aliyeganda, ambaye watu humsifu kwa utulivu. Mbwa aliyeganda, mdomo umefungwa na masikio yamelala, hajatulia.

Kwa dharura kulikuwa na mwavuli, ule ambao kiangazi unakaa bure nyuma ya mlango. Ukifunguliwa ghafla kuelekea mbwa anayekuja, unakuwa ukuta wa mita moja uliotokea hewani, na mbwa wengi husimama. Lakini Chuma alilazimika kuuzoea kwanza: siku ya kwanza umelala wazi uani na maini juu yake, ya pili unafunguliwa mbali, ya tatu karibu, ya nne kando yake huku akila. Bila hivyo ungefanya kazi ya lile jiwe. Fimbo pia inafaa, ikishikwa chini mbele ya miguu kama kizuizi. Ikiinuliwa juu ni mwaliko wa vita.

Na kulikuwa na dagaa, ambao walileta tatizo lao wenyewe. Mbwa akikaribia, konzi ya dagaa inatupwa kwa kutawanya usoni kwake, siyo miguuni kwako. Anashuka kunusa na kuokota, wewe unapata sekunde 15 au 20 za kuondoka. Ujanja huo ulifanya kazi vizuri mno. Wiki ya tatu mama aliutumia asubuhi 4 mfululizo kumpunguza kasi Simba, na asubuhi ya tano Simba alikuwa anamsubiri kwenye mparachichi, mkia chini, mwenye furaha, na rafiki zake wawili wa mtaa wa pili. Chuma alipoona mbwa watatu wanakuja mbio, kazi ya wiki 2 ikaondoka. Konzi ya dagaa ni kizima-moto. Ukiitumia kila siku umefungua mgahawa.

Mzee

Mama alitaka kwenda kwake asubuhi ileile ya tukio, kiganja kikivuja damu, akiwa na majirani wawili wa kushuhudia. Bahati nzuri ilibidi aende kituo cha afya kwanza. Alienda jioni, peke yake, bila Chuma. Saa 11 jioni mzee ameshaleta majani ya ng'ombe, hana haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kuku hawajambo?"

Zikaongelewa kuku, bei ya pumba, mahindi yaliyokuwa bado shambani. Ndipo akaonyesha kiganja. Hakusema mbwa wako ameniuma, alisema, "Baba, asubuhi mbwa walikorofishana pale kwenye mtaro, nikaingia katikati. Hospitali wameniambia nimwangalie Simba siku 10. Naomba unisaidie, nisije nikahangaika na sindano bila kujua." Tofauti ni kubwa. Ukisema "ameniuma" mzee ana kazi ya kumtetea Simba mbele yako. Ukiomba msaada wa kumwangalia, Simba anakuwa jukumu lenu wote wawili. Mzee akamfunga usiku uleule, na ikajulikana kwamba hakuna mbwa wake hata mmoja mwenye chanjo. Afisa mifugo alipokuja kumtazama Chuma, jike na mkongwe walichomwa siku hiyohiyo. Simba akasubiri siku zake 10 ziishe, naye akachomwa.

Ombi la pili lilikuja wiki moja baadaye, nalo lilikuwa moja na dogo. "Fungia mbwa wako" si ombi, ni hukumu: inadai uzio wa mabanzi ambao mzee hana pesa yake, na inamwambia ng'ombe wake walale bila ulinzi. Mama aliomba Simba afungwe kwenye nguzo kabla ya kukamua badala ya baada, siku ambazo yeye anapita. Mzee akaleta hoja inayosikika kila mahali, kwamba mbwa wa ulinzi akifungwa anakuwa mpole. Haina ukweli. Anayefungwa mchana na kuachiwa usiku hulala mchana na kuwa macho usiku. Anayeharibika ni yule asiyefunguliwa kabisa. Ila mama hakubishana naye, alisema tu kwamba saa 12 wezi wameshalala. Mzee akacheka. "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. "Nitajaribu." Trei moja ya mayai ilipelekwa baadaye, wiki ya pili, Simba akiwa ameshaanza kufungwa. Ikitangulia ingeonekana rushwa.

Kama angekataa, njia ipo: balozi wa nyumba kumi, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya mtendaji pamoja na afisa mifugo, na karatasi ya kituo cha afya mkononi. Lakini ukifika huko umeshinda shauri na umepoteza jirani, na Simba atakuwa bado yupo kwenye kona. Njia ya tatu, nyama yenye sumu, inafanyika mitaani na ichukuliwe kwa jina lake: ni ukatili ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiuruhusu, na sumu haichagui. Anayeiokota anaweza kuwa Chuma, kuku, au mtoto.

Mzee alisahau mara nyingi. Kwa hesabu ya mama, katika asubuhi 12 za kwanza Simba alikuwa amefungwa 7. Ndiyo maana mafunzo hayakuegemea ahadi: kutoka kuliendelea kuwa saa 2, mwavuli ukiwa mkononi, na "geuka" ikirudiwa kila siku.

Mahali kisa kilipofika

Wiki ya tisa, katikati ya Agosti, Chuma anampita mkongwe kwa hatua 8 kamba ikiwa imelegea, anamtazama, anageuka kudai maini. Jike limeacha kutoka mbio tangu watoto wagawiwe. Simba akiwa amefungwa anapitwa kwa hatua 20 akibweka. Akiwa wazi, mama hapiti: anasema "geuka" na kurudi, na haoni aibu. Hakuna aliyejaribu kuwakutanisha wawe marafiki, na hakuna sababu ya kujaribu. Mbwa wawili madume wa mtaa mmoja wakipuuzana, inatosha. Kwa mbwa wageni umbali wake bado ni hatua 25 hadi 30, na Chuma anaingia umri wa ubarobaro ambapo atarudi nyuma tena, pengine akiwa na miezi 8 au 9. Ikitokea, ni kurudi hatua 60 bila kandambili.

Geti limewekewa bati upande wa chini, watoto wa shule hawana tena upenyo wa kurusha. Mkanda umeshashonwa upya mara 2, sasa shingo ni sentimeta 38. Kwenye njia ya kitimoto bado hawapiti.